Kilomita ya Sitini na Mbili

Mara tatu wifi yangu Zibuyile aliingia kwenye Mbio, na mara zote tatu alirudi nyumbani ndani ya basi la wanaookotwa njiani. Kwetu Imbali ukisema Mbio hakuna anayeuliza zipi. Ni zile za kati ya Durban na Pietermaritzburg, mwaka huu zinapanda, mwaka ujao zinateremka, karibu kilomita tisini, na sharti ufike kabla saa kumi na mbili hazijaisha. Ukifika sekunde moja baada ya bastola kulia, medali hupati, hata ulie machozi ya damu.

Mara ya kwanza aliangukia Kloof. Mwaka uliofuata, mbio zikipanda, akaangukia Camperdown. Mara ya tatu, Kloof tena. Na kila mara ilikuwa vilevile: kichwa kinamgonga, tumbo linajaa kama ngoma, anatapika, kisha anaanza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Ile mara ya mwisho alimuuliza daktari kwenye hema la wagonjwa kama mkate umeshaiva.

Watu walikuwa na majibu yao. Mama yangu alisema hilo ni jicho la mtu. Kaka yangu Mfanafuthi, ambaye ndiye mumewe, alisema kila mwili umepewa kilomita zake, na wa mkewe ulipewa sitini. Baba Cele, anayefundisha klabu yetu, mzee wa medali kumi na nane, akimwita kwa ukoo wa babake, alirudia neno moja miaka yote mitatu: "Hunywi maji ya kutosha, MaZondi."

Basi kila mwaka Zibuyile alikunywa zaidi. Hakuna meza ya maji aliyoipita bila kuchukua vifuko viwili, kimoja akakinywa pale pale, kingine akakinywa akikimbia.

Mimi nashona sare za shule, na mbio zangu zinaishia kituo cha teksi. Kwa hiyo nilishangaa Jumapili moja ya mwezi wa kwanza alipoingia kwangu, akakaa juu ya marundo ya sketi za bluu, na kuniambia, "Wifi, nimegundua kitu."

"Usikalie hizo, nimeshazipiga pasi."

Akahamia kwenye kiti. "Sikiliza. Kloof na Camperdown ni mahali mbalimbali kabisa. Mlima si mmoja, jua si moja. Lakini nimehesabu kutoka pale tunapoanzia. Zote ni kilomita sitini na mbili, sitini na tatu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kinachoniangusha si mlima. Kuna kitu ndani yangu kinajaa polepole, kikifika hapo kinafurika. Au kuna kitu kinaisha. Moja kati ya hayo mawili. Nataka kujua ni lipi."

"Mama anasema jicho la mtu."

"Jicho gani hilo linalojua kuhesabu kilomita?"

Nilicheka. Lakini yeye alikuwa hachezi. Zibuyile ni mpishi wa shule ya bweni, watoto mia nne, na kwake chakula kikiharibika hakuna kulaumu mashetani; anaangalia moto, anaangalia maji, anauliza nani alikuwa anakoroga. Sasa alitaka kufanya hivyohivyo na tumbo lake, na alinitaka mimi niwe shahidi, kwa sababu mtu akishaanza kuuliza mkate hawezi kuwa shahidi wa mambo yake mwenyewe.

Tulipanga hivi. Kila Jumapili atazunguka kutoka langoni kwangu, ateremke hadi Edendale, arudi, kilomita saba kila mzunguko. Mimi nitakaa barazani na cherehani yangu. Akipita, nampa chakula, namuuliza maswali, naandika majibu kwenye daftari. Na kila Jumapili tutabadilisha kitu kimoja tu.

Tulianza na ile gundi tamu ya kwenye vifuko ambayo wakimbiaji wa mjini wanafyonza. Mzunguko wa kwanza nikamuuliza, "Tumbo?"

"Kimya."

Wa tatu. "Tumbo?"

"Linanung'unika."

Wa tano hakujibu. Aliinama kwenye maua ya mama yangu, na mimi nikaandika: gundi, hapana.

Jumapili iliyofuata tukajaribu mkate na siagi ya karanga, ukamkaba kooni kama sufi. Ndizi zilikuwa nzuri mpaka mzunguko wa nne, zikamchosha mdomo. Viazi mviringo vilivyochemshwa na maganda yake, nikavigaragaza kwenye chumvi ya mawe, hivyo alivila kama mtoto anavyokula pipi. Nilipojaribu kimoja mimi nilitema, chumvi tupu, ila yeye alisema mbona hakina chumvi. Nikaliandika hilo pia, ingawa hatukujua maana yake. Kisha amahewu, ule uji wa mahindi nilioulaza siku mbili ukachachuka vizuri, mwepesi wa kunyweka. Huo ulimpa nguvu hata akawa anaimba akipita.

Lakini hata kwa viazi na amahewu, mizunguko ikizidi mitano, kichwa kilianza kugonga. Tulikuwa tumekaribia kitu, hatujakishika.

Mizani ilikuja kwa sababu ya Baba Cele. Zibuyile aliazima ile ya jikoni kwake ya kupimia magunia, akaiweka barazani. "Nataka nijue natoa jasho kiasi gani," akasema. "Nikijua, ninywe kiasi hichohicho nirudishe. Pengine mzee yuko sahihi na mimi bado nakunywa kidogo."

Siku hiyo jua lilikuwa la mwezi wa pili, lile la kuyeyusha lami. Kabla ya kuanza alikuwa kilo hamsini na nane na nusu. Akakimbia mizunguko mitano, na kila alipopita alikunywa kama alivyofundishwa, chupa nzima. Alipomaliza, chumvi imemkaukia mashavuni, akapanda kwenye mizani.

Hamsini na tisa na robo tatu.

"Imekufa," nikasema.

Nikapanda mimi. Themanini na moja, uzito wangu wa siku zote, sina haja ya kuuficha. Tukaleta mfuko wa unga wa kilo kumi ambao haujafunguliwa. Kumi kamili.

"Mizani nzima, wifi," nikasema.

"Mtu anakimbia saa nne nzima juani," akasema taratibu, "anarudi ameongezeka kilo na robo?"

Tukacheka mpaka mama akachungulia dirishani kuuliza kuna nini. Kisha Zibuyile akataka kuvua pete yake ya ndoa anawe mikono, ikakataa. Akaizungusha, akaivuta, wapi. Vidole vilikuwa vimevimba kama soseji. Tukaacha kucheka. Tulitazamana, halafu sote wawili tukaitazama ile chupa tupu juu ya meza.

Kesho yake alikwenda zahanati, daftari mkononi. Nesi alisoma ukurasa ule mara mbili, akafunga mlango ili waongee vizuri. Alimwambia kwamba mwili ukipewa maji kupita unavyoweza kuyatoa, damu inakuwa kama mchuzi uliozidishwa maji; chumvi yake inapungua nguvu, tumbo linagoma, ubongo unavimba. Kuna watu wamekufa hivyo, siyo kwa kiu, kwa maji. "Na ulimuuliza daktari habari za mkate?" nesi akamuuliza. "Mshukuru Mungu lile basi lilikuokota."

Zibuyile alirudi kwangu anatembea haraka haraka, uso unang'aa, kama mtu aliyepata barua aliyoingoja miaka. "Kilikuwa kinajaa, wifi! Si nilikwambia? Kilikuwa kinajaa!"

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia Baba Cele. Tulimkuta Jumanne uwanjani, anafunga saa yake ya zamani mkononi. Zibuyile akampa daftari kwa mikono miwili. Mzee alisoma bila miwani, daftari likiwa mbali na uso, midomo inacheza.

"Unasema nimekuwa nikikuua," akasema.

"Sijasema hivyo, Baba."

"Mizani inasema." Akalifunga daftari. "MaZondi, walionitangulia mimi walikatazwa kunywa. Maji ni ya waoga, waliambiwa, usinywe mpaka nusu ya njia. Rafiki yangu Bonga alikulia kwa watu hao. Alianguka mbele ya macho yangu, ulimi umekauka kama ngozi ya kiatu. Figo zake hazikupona. Halafu wakaja wengine wakasema kunyweni, kunyweni kabla ya kiu. Nikabadilika. Nimewanywesha watu miaka ishirini nikimuona Bonga. Sasa unataka nibadilike tena?"

"Nataka ninywe nikisikia kiu, Baba. Basi. Sitaki kuacha kunywa."

"Kiu ikija umeshachelewa."

"Labda. Ndicho ninachotaka kujua."

Mzee alimrudishia daftari. "Fanya utakavyo, wewe ni mtu mzima. Lakini mimi sitashika chupa yako siku ya Mbio. Yakitokea ya kutokea, sitaki yawe mkononi mwangu." Akatuacha pale, akaenda kuwafokea vijana waliokuwa wamekaa.

Mwezi wa nne alikimbia kilomita sitini na tatu, mizunguko tisa langoni kwangu. Alikunywa pale tu mdomo ulipotaka. Alikula viazi vya chumvi na amahewu. Mzunguko wa tisa nilisimama barabarani, nikamuuliza jina la mama yake, siku ya leo, na bei ya mkate.

"Umepandisha cherehani barazani ili unitukane?" akajibu.

Alikuwa amepungua kilo moja na kidogo. Akaoga, akapika chakula cha jioni cha watu sita.

Siku ya Mbio, zikipanda, mimi ndiye niliyeshika chupa. Mfanafuthi aliendesha gari, anapiga miayo, anauliza kwa nini mtu na akili zake asipande teksi. Nilikuwa na sanduku la barafu lenye viazi, na chupa nne za amahewu ambazo hazikuenea mle ndani, nikaziweka nyuma, kwenye kioo, juani. Hilo ni kosa langu na nalikubali.

Drummond, nusu ya njia, watu walikuwa wengi kama harusini, moshi wa nyama umetanda. Tulipata nafasi karibu na askari mmoja wa barabarani, kijana nadhifu, shati limenyooka. Nikaona vazi la klabu yetu linakuja kwa mbali, nikachukua chupa ya kwanza, nikafungua kizibo.

Sijawahi kupiga risasi lakini nadhani inakuwa hivyo. Uji ulikuwa umeendelea kuchachuka tangu alfajiri, na sasa ulitoka wote kwa pamoja, ukampata yule askari kifuani, shingoni, na kwenye kofia. Watu wakapiga kelele za furaha. Nikafungua ya pili taratibu, kwa kitambaa, nayo ikalipuka. Ya tatu nilimpa Mfanafuthi, akaitupa kwenye nyasi kama bomu, ya nne akaifuatisha.

"Mama," askari akasema, uji unamtiririka kidevuni, "hii ni nini?"

"Amahewu, mwanangu. Nisamehe."

Akaonja kidole. "Nzuri. Imepita kidogo."

Zibuyile akafika. Akanitazama, akamtazama askari, akaelewa kila kitu. "Viazi vipo?"

Vilikuwepo, lakini tulivihesabu vimfikishe mwisho vikigawana kazi na uji. Vyenyewe tu visingetosha. Nilianza kulia kama mjinga. Yule askari akaenda kwenye pikipiki yake, akarudi na kopo la chakula. Viazi vitamu, vimechemshwa, bado vuguvugu. "Mama yangu ananifungia vingi kila siku," akasema, "sijui anadhani tuko wangapi."

Zibuyile alikishika kimoja, akakigeuza. Nilijua anachowaza. Kila kitu tulikijaribu zile Jumapili isipokuwa hicho. Mtu yeyote wa klabu angekwambia siku ya Mbio usile kitu kipya. Lakini kwenye uso wake sikuona hofu. Niliona ile sura aliyokuwa nayo juu ya sketi zangu za bluu.

"Tuone," akasema, akauma.

Alikula viwili, akavichovya kwenye chumvi iliyobaki ndani ya sanduku, akanywa mafundo matatu ya maji, akabeba vingine viwili mkononi na kuondoka akipanda mlima wa Inchanga.

Sisi tulikata njia kwenda Camperdown. Pale ndipo nilipoogopa. Harufu ya mabanda ya kuku ilikuwa nzito, jua limepanda, na wakimbiaji waliopita walikuwa na macho ya watu waliofiwa. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya meza ya maji, nikamuona Baba Cele, mikono nyuma, peke yake. Sikumwita. Naye aliniona, akageuza uso upande wa barabara.

Zibuyile alitokea saa nane kasorobo mchana. Anatembea.

Baba Cele alimwahi kabla yangu. Alikuwa na vifuko viwili vya maji, kimoja kila mkono, na nikasema moyoni, basi, yameanza. Zibuyile alisimama mbele yake anahema.

"Una kiu?" mzee akamuuliza.

"Hapana, Baba."

"Kichwa?"

"Kipo. Miguu ndiyo imekufa."

Mzee aliweka vifuko vyote viwili kwapani. Akaushika mkono wake wa kushoto, akabonyeza vidole kimoja kimoja, kama mama anayenunua parachichi, akaizungusha pete. Ilizunguka vizuri tu. Akavibonyeza vidole tena. Watu walikuwa wanawapita pande zote.

"Miguu ikifa si kitu," akasema hatimaye. "Hapa miguu ya kila mtu imekufa. Umekula nini?"

"Viazi vitamu."

"Vya nani?"

"Vya askari."

Baba Cele akanyoosha kidole barabarani. "Tembea mpaka kwenye lile bango, halafu kimbia mpaka lile jengo. Kisha tembea tena. Hivyo hivyo mpaka Polly, ule mlima wa mwisho. Nenda, nenda, unanipotezea muda!"

Tulikwenda uwanjani, mwisho wa Mbio, kwa gari moja, mzee amekaa mbele. Saa kubwa ilikuwa inasoma kumi na nusu tangu waanze. Ikasoma kumi na moja. Kumi na moja na dakika ishirini. Niliwatazama wanawake wote wenye vazi letu, nikawachukia mmoja mmoja kwa sababu si yeye. Mfanafuthi, aliyekuwa akipiga miayo tangu alfajiri, alikuwa amepanda juu ya uzio.

Aliingia kwenye saa kumi na moja na dakika thelathini na saba. Alikuwa anakimbia kwa upande kidogo, kama gari lililogongwa, lakini anakimbia. Mfanafuthi alipiga ukelele ambao sikujua anao. Baba Cele alivua kofia yake akaishika mbele ya uso, kama anajipepea.

Walipomvisha medali tulimkalisha kwenye nyasi. Nilimuuliza jina la mama yake. Alinitajia, na la bibi yake pia.

Ndipo bastola ikalia. Tuligeuka sote. Mzee mmoja mwembamba, mvi tupu, vazi la kijani la klabu ya mbali, alikuwa bado na hatua kama thelathini. Walinzi walikuwa wameshafunga mstari wa mwisho. Alikuja mpaka akawagusa wale walinzi kwa mikono, akasimama, akaitazama saa. Kisha akatembea pembeni, akakaa karibu na sisi, wima, bila kulia.

Zibuyile alisogea kwa makalio mpaka karibu naye, maana kusimama alikuwa hawezi.

"Pole sana, Baba."

"Asante, mwanangu. Hongera wewe."

"Baba, samahani. Umekula nini njiani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee alimkazia macho. "Kwa nini?"

"Nataka kujua tu. Umekimbia saa kumi na mbili na unapumua vizuri kuliko mimi niliyepumzika. Tumbo lako halijakusumbua hata kidogo, naona."

Mzee alifikiri, kama vile hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. "Chai," akasema. "Mke wangu ananisubiri Hillcrest na Cato Ridge na chupa ya chai. Ya maziwa."

"Maziwa! Na hayakatiki tumboni?"

"Hayajawahi kukatika. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Sukari vijiko vingapi?"

"Vitano. Na mkate mkavu, nachovya." Akatabasamu kwa mara ya kwanza, meno mawili hayapo. "Daktari wangu hapendi."

Nilisikia magoti yanalia nyuma yangu. Baba Cele alikuwa anachuchumaa, kofia mkononi, anajongea katikati yetu.

"Ya moto," akauliza, "au mnaiacha ipoe?"

Mzee wa vazi la kijani alikunja miguu yake vizuri. Akasema hilo ni swali zuri, lakini ili tulielewe ni lazima aanze na alichokula jana asubuhi. Mfanafuthi akaja na blanketi, akatufunika wote wanne magotini, na wafanyakazi wakaanza kukunja uzio huku yule mzee wa vazi la kijani anasimulia.